Nusu ya Asubuhi na Nusu ya Jioni

Watu hukata mengi. Wengine hukata tiketi, wengine hukata kesi, na wako wale wanaokukata maneno, huwezi kumaliza hata salamu. Kufuli yeye alikata funguo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwapo, lakini mtaa ulishalisahau, na mkewe akilitaja siku hiyo ujue kuna ugomvi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya stendi ya zamani, upana wake ule wa kitanda cha mtu mmoja. Ukutani zilining'inia funguo zisizofungua chochote duniani, na mezani palikuwa na tupa, kopo la mafuta na mashine iliyopiga kelele hata majirani wakawa wanaongea kwa sauti ya juu mpaka Jumapili, siku ambayo imezimwa.

Ukimpelekea ufunguo wako aliupapasa kwa kidole gumba, akafumba jicho moja, akakwambia, "Kaa hapo, usiende mbali." Kabla hujamaliza kulalamikia jua, unao wa pili mkononi. Ukafike nyumbani, uingize, uzungushe: kwi, umefungua. Mkono ule haukuwa na mzaha, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

"Mimi nikikata nimekata," alikuwa akisema. "Mkirudi na ufunguo wangu eti haufungui, basi mmekosea nyumba."

Mkewe alikuwa dobi, na wateja walimwita Povu. Uani kwao palikuwa na mabeseni manne, pipa la maji, kamba zilizopita juu kama njia za buibui, na kibaraza kilichokuwa na meza ya pasi. Povu alikuwa mcheshi, mdomo haumlali. Alisema siri za mtaa mzima anazijua kwa kuangalia makola na mifuko, na mwanamume mmoja aliwahi kumwomba kwa machozi afue shati lake peke yake, lisichanganywe na nguo za mkewe. Povu alilifua, akanyamaza, na tangu siku hiyo yule bwana akawa anamsalimia akiwa mbali, mikono miwili juu.

Lakini Povu alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa msichana, na miaka ya mwanzo ya ndoa yao kilikuwa kikimwangusha popote. Alianguka penye jiko, alama ikabaki kwenye bega. Akaanguka bombani, uso ndani ya beseni, na kama si mdogo wake kumvuta kwa nywele asingeiona kesho yake. Tangu hapo Kufuli alikatazwa usingizi na nafsi yake mwenyewe. Alifunga kibanda saa za kazi akarudi mbio nyumbani kuchungulia tu kama mke yupo wima. Mke yupo wima, anamcheka. "Umesahau nini tena, Kufuli?" Naye anajibu kasahau tupa.

Aliyewatoa katika maisha hayo ya roho mkononi ni Bibi Miwani. Duka lake la dawa lilikuwa njia panda, mlango wa kijani, na yeye mwenyewe nyuma ya kaunta, miwani miwili: mmoja usoni, mwingine shingoni kwa kamba, na siku zote akitafuta ule aliouvaa. Daktari wa hospitali alikuwa amemwandikia Povu dawa, Povu akawa anaimeza akumbukapo, na kuiacha asahaupo. Siku moja Bibi Miwani akamwita Kufuli kaunta, akamwekea kidonge kimoja kwenye kiganja. Kidonge kinene, cheupe, kina mstari katikati.

"Unauona huu mstari, mwanangu? Hapa ndipo pa kukata. Nusu asubuhi, nusu jioni. Jina lake usihangaike nalo, hata mimi linanitoka jasho. Wewe kumbuka nusu tu. Akikosa nusu, umemtupa mwenyewe kwenye maji. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Una mkono mwepesi. Kata vizuri. Nusu isimzidi mwenzake."

Weee! Umwambie fundi wa funguo akate vizuri? Kufuli alinunua wembe mpya siku hiyo hiyo. Akatengeneza kibao kidogo chenye kijishimo cha ukubwa wa kidonge, akawa anakiweka hapo, anashika pumzi, tak. Nusu mbili pacha. Alizipanga kwenye chupa ya kioo juu ya kabati, na kila asubuhi kabla ya chai, na kila jioni kabla hajavua viatu, alimpa mkewe nusu moja na maji. Haikupita siku. Miaka ikaja, miaka ikaenda, Povu hakuanguka tena. Akarudi kwenye mabeseni yake peke yake, akarudi kwenye pasi, akanenepa kidogo, akawa anaimba.

Na nyumbani ile dawa ikapata jina. Hawakusema dawa wala vidonge. Waliita nusu. "Povu, umemeza nusu?" "Nusu zimebaki chache." "Nenda kwa Bibi Miwani ulete nusu." Bibi Miwani mwenyewe akimwona Kufuli anachungulia mlangoni alikuwa anapaza sauti: "Nusu za mama zipo, ingia!" Mtu akisikia angedhani wanauziana mkate.

Duka la dawa la sokoni ndilo lililotangulia kufungwa. Leo kuna vidonge, kesho kuna vifuniko vya simu. Watu hawakushtuka, maana Bibi Miwani alikuwapo. Kisha magari ya kuleta dawa yakaacha kufika njia panda. Eti duka ni dogo, mzigo haulipi safari. Rafu za Bibi Miwani zikaanza kuonyesha mapengo. Miguu yake nayo ikawa inavimba. Mtoto wake, aliyekuwa akiishi mji wa mbali sana, akaja na gari na maneno makali: mama, inatosha.

Siku ya kufunga, Kufuli ndiye aliyeitwa kuweka kufuli. Alichagua kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akalifunga kwenye mlango wa kijani, akalijaribu mara mbili. Bibi Miwani alisimama pembeni, ameshika mkongojo, analia bila kujificha. Alimpa Kufuli chupa tupu ya zile dawa, yenye karatasi ya jina.

"Waonyeshe hii, watajua. Usingoje ziishe, mwanangu. Naomba usingoje."

"Sitangoja, bibi."

Lakini alingoja. Kwanza zahanati ya jirani walimwambia zinakuja wiki ijayo. Wiki ijayo wakamwambia wiki ijayo. Kukawa na uvumi kwamba kuna mtu atalichukua duka la njia panda na kulifungua upya, na Kufuli, kila mtu akimletea ufunguo, aliuliza habari za huyo mtu. Alimsubiri kama anavyosubiriwa mgeni wa heshima. Huyo mtu hakuwapo. Alikuwa maneno matupu ya stendi.

Chupa juu ya kabati ikaanza kuonekana kitako. Hapo ndipo siku moja, mchana kweupe, Kufuli alifunga kibanda, akaenda njia panda, akasimama mbele ya kufuli lake mwenyewe. Watu wanapita, wanamsalimia. "Fundi, kazi inaendelea?" "Inaendelea." Nani atamshuku fundi wa makufuli akihangaika na kufuli? Alilifungua kama anayefungua kwake. Ndani palikuwa na vumbi, kalenda, na miwani mmoja wa Bibi Miwani juu ya kaunta. Alivuta droo zote. Alipiga magoti akapapasa chini ya rafu kwa mkono ule ule unaosifika, labda kuna kimoja kilichoviringika kikasahaulika. Akapata kifungo cha shati. Alikaa sakafuni amekishika kifungo kile. Mtu mzima na ndevu zake, akalia. Kisha akajikaza, akafunga, akaondoka.

Kesho yake alianza kwenda mjini. Nasema alianza, kwa sababu mjini hakuendwi mara moja. Duka la kwanza walitaka cheti kipya cha daktari, wakaikataa chupa. Hospitalini daktari wa kifafa alikuwa na siku yake, na ile haikuwa siku hiyo. Alirudi siku ya daktari, akapanga foleni, akapata cheti. Duka la pili hawana. Duka la tatu wamefunga, mlango wao una kufuli la kichina ambalo Kufuli alilitazama kwa dharau hata katika dhiki ile. Nyumbani zilibaki nusu za kuhesabu kwa vidole, na kila akirudi mikono mitupu Povu alikuwa anamvua koti na kumtania: "Leo umeniletea nini, mume wangu, vumbi la mjini? Asante, weka hapo." Kisha anakwenda uani, na Kufuli anasikia haimbi.

Duka la nne lilikuwa kubwa, la vioo, baridi ndani kama chumba cha nyama. Unachukua namba, unakaa, unaitwa. Binti wa kaunta alikuwa mpole, macho yamechoka. Akaisoma chupa, akasoma cheti, akabofya kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Baba, hizi zimetuishia."

Kufuli akaichukua chupa yake ageuke.

"Zipo za nusu," binti akasema.

Jamani! Yule mtu nusura aruke kaunta ambusu.

"Nusu! Ndizo hizo hizo, mwanangu! Nusu ndizo anazomeza!"

"Una uhakika? Maana hizi ni nusu."

"Nina uhakika wa nini tena? Miaka yote hii nyumba yangu inaishi kwa nusu."

"Na anameza asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni, mama. Haikosi."

"Haya. Basi nitakupa za miezi miwili, maana najua unatoka mbali."

Na hapo ndipo ilipofanyika. Binti alichomaanisha ni hiki: vidonge hivi nguvu yake ni nusu ya vile vya zamani. Vimeshagawanywa kiwandani. Kila kimoja kizima ndicho sawa na ile nusu ya Bibi Miwani. Kufuli alichosikia ni jina la dawa yake, jina la nyumbani, linatamkwa na mtu mgeni katika mji mgeni, na masikio yake yakafunga hapo. Lilihitajika neno moja tu, usikate. Binti hakulisema, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili zake anayekata kidonge kidogo kisicho na mstari. Kufuli hakuuliza, kwa kuwa hakuna mtu anayemeza nusu bila kukata. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Foleni nyuma ikawa inaguna.

Binti akazihesabu, nyingi, akazitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika juu yake 1×2. "Moja mara mbili, baba. Umeelewa?"

"Moja mara mbili," Kufuli akaitikia kwa furaha. Moja, akate mara mbili, zitoke nusu mbili. Angeelewaje vingine?

Alirudi nyumbani amebeba bahasha kifuani, ndani ya shati. Shemeji yake, yule mdogo wa Povu aliyekuwa msusi na saluni yake ukuta kwa ukuta na nyumba yao, alimwona akiingia mbio.

"Shemeji, umeiba benki?"

"Zaidi ya benki! Nimepata nusu! Tena za kutosha, yule binti kaniongezea. Kanihesabia mara mbili ya zile za Bibi Miwani. Bado kuna watu wana roho nzuri, shemeji."

Povu alikuja anafuta povu mikononi. Akafungua bahasha, akatoa kimoja.

"Mbona vidogo hivi?"

"Hata mkate siku hizi ni mdogo. Viwanda vinaiba."

"Na mstari uko wapi?"

Kufuli akakitazama. Kweli, mstari haukuwapo. Kilikuwa laini pande zote. Akacheka, akampiga mkewe kikofi cha bega.

"Mstari wa nini? Mimi ndiye mstari."

Jioni nzima alikata. Ilibidi achonge kibao kipya chenye kijishimo kidogo zaidi, akanoa wembe, akavaa kile kioo chake cha kukuzia cha kazi. Vidonge vile vilikuwa vigumu na viliteleza, mtu mwingine angevipasua ovyo. Yeye havikumshinda hata kimoja. Povu na mdogo wake walikaa wanamtazama, wanamtania, anawanyamazisha kwa kidole. Akazitia zote kwenye chupa ya kioo, ikajaa mpaka shingoni. Akaiweka juu ya kabati, akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Tangu mlango wa kijani ufungwe, hiyo ndiyo jioni aliyokula akashiba.

Asubuhi nusu, jioni nusu. Haikupita siku.

Kilichoanza kilianza kidogo. Povu akiwa anapiga pasi, akasimama, macho wazi, mkono umetulia juu ya shati la mwalimu. Msusi aliyekuwa anaanika taulo zake alisikia harufu, akageuka, akamwona dada yake katazama ukutani kama anayesikiliza mtu. "Dada! Dada, unaunguza!" Povu akashtuka, akainua pasi. Kola ilikuwa na alama ya kahawia.

"Usingizi tu," Povu akasema.

"Usingizi wa macho wazi? Dada, usinifanye mtoto. Hicho si kile kitu?"

"Nyamaza."

"Nitamwambia shemeji."

Povu akamshika mkono. "Usimwambie. Nakuomba. Unaona alivyohangaika? Mtu kaisha, suruali zinamvuka. Nikimwambia hata hizi hazifai, atakwenda wapi tena? Mwache apumzike. Mimi najijua, nitakaa mbali na pasi."

Msusi akakubali, shingo upande. Mpaka leo analijutia lile jambo, na hakuna mtu anayeweza kumtoa kwenye majuto hayo.

Kwa hiyo Povu alikaa mbali na pasi. Nguo za kunyoosha alizirudisha kwa wateja na visingizio. Akabaki na mabeseni, akisema maji hayaunguzi mtu. Jioni moja, akiwa amemeza nusu yake, alimuuliza mumewe kwa sauti ya utani ambayo haikuwa na utani ndani yake:

"Kufuli, hivi dawa huwa inachoka?"

"Dawa haichoki. Wewe ndiye umechoka. Punguza nguo."

Lakini usingizi ulimruka. Kesho yake alizimwaga zile nusu zote mezani, akazikagua moja moja kwa kioo chake, akitafuta ile iliyokatwa vibaya, ile iliyompunja mkewe. Hakuipata. Zote sawa. Alizirudisha kwenye chupa, akaona bado ni nyingi, akajipa moyo. Mwezi umeisha na chupa haijashuka sana! Kwa mwendo huu, akawaza, mjini hatarudi leo wala kesho. Mtu akimweka kwenye kiti akamuuliza ni mume wa namna gani, angejibu bila kusita: mimi mke wangu hajakosa nusu.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Alimpa nusu na maji, Povu akameza, akamtolea ulimi kuonyesha imeshuka, mchezo wao wa zamani. Akamwambia, "Nenda, usije ukasahau tupa." Kufuli akaenda kibandani anacheka peke yake. Alikuwa na ufunguo wa kabati la mwalimu kwenye mashine, mashine inapiga kelele, kwa hiyo hakumsikia msusi akiita. Alimwona tu mlangoni, hana viatu, chanuo bado mkononi. Mdomo wake unafunguka na kufunga. Kufuli akazima mashine.

"Shemeji," msusi akasema. "Shemeji, maji."

Alikimbia. Majirani walikuwa wameshamlaza Povu juu ya kibaraza, kanga nzito ya mtu imemfunika miguu, uso una sabuni. Beseni aliloangukia lilikuwa la kusuuzia, dogo kuliko yote. Maji yake hayakufika hata kiwikoni. Jirani mwenye gari alishaliwasha, wakamwingiza, Kufuli amemshika kichwa mapajani njia nzima anamfuta sabuni, anamwambia asisahau kupumua. Hospitalini daktari alitoka haraka mno. Anayetoka haraka vile huwa hana kazi ya kufanya ndani.

Msibani watu walijaa mpaka barabarani. Wateja wa Povu walikuja, wengi wamevaa nguo alizowafulia, na yule bwana wa shati alikaa pembeni kabisa analia kuliko ndugu. Kila aliyempa Kufuli mkono alimwambia yale yale. Ulimtunza. Hukumwacha. Waume kama wewe hakuna. Naye anaitikia, asante, asante, na machozi yamegoma. Kitu kimoja tu kilimzunguka kichwani: imekuwaje, na hakukosa nusu?

Siku iliyofuata, watu wamepungua, teksi ilisimama nje na Bibi Miwani akashuka. Amekuwa mdogo, mgongo umepinda, mkongojo umegeuka miwili. Kaletewa habari huko mbali, kamsumbua mtoto wake mpaka kaletwa. Walimkalisha kwenye kiti cha ndani, msusi akamletea maji. Alimshika Kufuli mikono yote miwili, hakumwachia.

"Zilimwishia, mwanangu? Niambie. Zilimwishia, si ndiyo? Ni mimi. Nilifunga duka nikawaacha."

Kufuli akanyanyuka kwa haraka. Tangu msiba uanze hakuna aliyemwona akienda haraka vile. "Hazikuisha, bibi! Usijilaumu. Nilizipata. Nilihangaika, lakini nilizipata, na hakukosa hata siku moja. Ngoja nikuonyeshe."

Akaishusha chupa kutoka juu ya kabati, akaileta pamoja na bahasha ya kaki, akamwekea mapajani. Alitaka aone. Alimtaka mtu mmoja anayejua mambo ya dawa aone kwamba yeye hakufanya uzembe.

Bibi Miwani alivaa miwani wa usoni, akavaa na wa shingoni juu yake. Akasoma bahasha. Akamimina nusu chache kiganjani, akazigeuza kwa kidole. Akatafuta kitu juu yake, mstari bila shaka, asiuone.

"Hizi ulizikata wewe?"

"Mimi mwenyewe. Ngumu hizo, bibi, hazina hata mstari. Yule binti alikuwa mwema, alisema za nusu zipo, akanipa mara mbili. Miezi miwili, alisema. Mimi nikajua zitafika hata minne, tazama, chupa bado..."

Akakatika. Alikuwa fundi, hesabu ya kukatia alikuwa nayo. Alimtazama Bibi Miwani, Bibi Miwani akainamisha macho. Aliitazama chupa. Miezi miwili imeisha na chupa imebaki na nusu yake, imejaa mpaka katikati, sawasawa, kama iliyopimwa.

"Hizi zilikuwa nzima," Kufuli akasema polepole. "Bibi. Kumbe hizi zilikuwa za kumeza nzima."

Msusi aliyekuwa mlangoni akashika fremu ya mlango.

Bibi Miwani angeweza kudanganya. Umri ule unaruhusu, na nani angemlaumu? Lakini alikuwa amekaa nyuma ya kaunta maisha yake yote, na ulimi wake haukujua njia nyingine. "Leo ilitakiwa chupa hii iwe tupu," akasema. "Ni mimi niliyewafundisha kuiita nusu. Ningewafundisha jina lake. Ee Mungu wangu, ningewafundisha jina lake."

Kufuli hakupiga kelele. Watu walijiandaa kumshika, wakaona hakuna wa kushika. Alikaa chini sakafuni karibu na miguu iliyovimba ya yule bibi kizee, akaichukua chupa, akaimwaga kwenye kiganja chake, zote alizokuwa amemnyima mkewe kwa mkono wake, asubuhi na jioni, akihesabu kuwa ni mapenzi. Alizisogeza kwa kidole gumba, kile kidole kinachosoma meno ya funguo. Alichukua nusu mbili akaziunganisha, zikakaa pamoja bila upenyo, ungeapa hazijawahi kutengana. Akamwinulia Bibi Miwani aone.

"Nilizikata vizuri?" akauliza.

Bibi Miwani alivua miwani yote miwili.

"Vizuri sana, mwanangu," akasema. "Hukukosea hata moja."